Wikio la Ndugu Wawili

Notisi ya kwanza Mzee Abdulghafur aliichana. Ya pili aliifungia bizari. Ya tatu ilibandikwa mlangoni kwa uji wa ngano, ikaganda isibanduke. Basi akaimwagia maji ya moto kutoka dirishani, na nusura amwunguze paka wa jirani aliyelala barazani hana habari. Haya, na mtu mzima huyo, mvi mpaka kwenye nyusi, hajji, mswalihina wa safu ya mbele! Ukaidi ni kipaji, na yeye alipimiwa kwa pishi.

Notisi zote tatu zilisema jambo moja. Wikio lake limeoza, na mwenye nyumba atakiwa alitengeneze, la sivyo manispaa italibomoa.

Asiyejua wikio ni nini, na aelezwe. Ni chumba chembamba kilichojengwa juu, kikavuka kichochoro kama daraja, kuunganisha nyumba mbili zilizokabiliana. Chini hupita watu na mikokoteni. Juu hupita wenye nyumba. Hili la mtaa wa Kibokoni alilijenga babake Abdulghafur, Mungu amrehemu, siku alipomwoza binti yake Mwanakuu nyumba ya pili, mlango kwa mlango. Mama yao alilia kwamba mwanawe apelekwa mbali. Mbali! Kichochoro chenyewe mkokoteni ukipita, mtu hujibana ukutani. Lakini mama akilia ndiyo sheria, basi mzee akaleta boriti na chokaa, akajenga, na Mwanakuu akawa akimwendea mamake bila kuvaa buibui wala kushuka ngazi, na kijungu cha mchuzi mkononi. Wazazi walipokufa, Abdulghafur akarithi nyumba ya upande huu, na Mwanakuu akabaki na ya marehemu mumewe upande ule. Wikio likawa lao wote wawili, nusu kwa nusu.

Mara ya nne mkaguzi wa manispaa alikuja mwenyewe bila karatasi. Jina lake Chirau, Mdigo wa Matuga, mtu wa adabu zake, aliyevuka feri kila asubuhi na shati limepigwa pasi.

"Sabalkheri, mzee."

"Kheri ikiwa umekuja kunywa kahawa. Ukiwa umekuja na gundi, hapana kheri."

Chirau akacheka, akapokea kikombe cha kahawa, lakini hakuketi barazani. "Tusogee huku, mzee, tafadhali. Hapo chini mimi siketi." Akaonyesha juu kwa kidevu. Na kweli palitisha. Mvua za Elinino zilikuwa zimenyesha mwaka uliopita mpaka watu wakasahau jua, chokaa ikalowa ikavimba, ikabanduka vipande vipande. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, na sakafu ya wikio ilikuwa imebonyea katikati. "Juzi tonge la chokaa limeanguka mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni."

"Limempata?"

"Halikumpata."

"Basi Mungu yuwaona."

"Mungu aona, mzee, na ndiye aliyetupa macho na sisi. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta. Hiyo imeandikwa kwenye ukuta wa skuli, na ukuta wenyewe una ufa. Niambie jingine."

Chirau akafikicha macho. Alikuwa na kazi ngumu yule bwana, na mshahara wake haukuwa wa kutukanwa kiasi hicho. "Jingine ni hili. Bi Mwanakuu wa ng'ambo amekubali. Nusu yake ataitengeneza kwa chokaa na boriti, kama sheria ya Mji wa Kale inavyotaka. Imebaki nusu yako. Useme tu 'nitatengeneza', na mimi nitakuombea muda."

Hapo uso wa Abdulghafur ukafungika. "Kama yuwataka litengenezwe, na aniambie mwenyewe."

"Lakini mzee, mji mzima wajua uliapa husemi naye."

"Kuapa niliapa miye. Yeye hakuapa."

"Na akikwambia, utamjibu?"

Abdulghafur akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Chirau akabaki na kikombe cha kahawa mkononi, akakiweka barazani taratibu, akaenda zake.

Yamini yenyewe, yaani kile kiapo, ilikuwa ya miaka kumi na ushei nyuma. Abdulghafur alikuwa na mwana, Khubaib, na Mwanakuu alikuwa na binti, Fadhiya. Tangu watoto wakitambaa, kaka mtu alikuwa akisema hawa wataoana, nyumba isitoke nje. Alisema msikitini, alisema dukani kwake Biashara Street alikouza leso, alisema kwa wateja wasiouliza. Hata siku alipokwenda kuposa rasmi, amevaa joho, dadake akamwambia kwa upole, "Kaka, nimemwuliza mwenyewe. Hataki. Ampenda Khubaib kama nduguye, na mtu haolewi na nduguye." Kisha akamwoza kijana wa Malindi.

Loo! Abdulghafur alisimama kichochoroni, alasiri watu watoka msikitini, akapaza sauti chini ya dirisha la dadake: "Wallahi, billahi, watallahi! Mwanakuu, sikanyagi kwako wala sisemi nawe mpaka naingia kaburini!" Akapanda juu, akatia kufuli mlango wake wa wikio. Majirani wakataka kuingilia kati, wakaambizana: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakaenda kulima. Walilima sana, maana mavuno hayakuja.

Na huyo Khubaib aliyegombewa? Alikwenda zake Jidda, akaoa, akazaa watoto watatu, akanenepa. Kila Idi alipiga simu kwa jirani kumsalimia babake, na kila Idi aliuliza, "Shangazi hajambo?" Baba mtu alikuwa akijibu kwamba simu haisikiki.

Sasa jambo ambalo mji haukulijua ni hili. Mke wa Abdulghafur alipokufa, nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kila alfajiri, akirudi kuswali, mzee alipanda mpaka kwenye ule mlango wa wikio alioutia kufuli, akaketi sakafuni, akaegemea mbao, akasikiliza. Alimsikia dadake akikohoa. Alisikia kijiko kikigonga bilauri, alisikia akimgombeza mtu kwa sukari kuwa nyingi, alisikia kandambili zake zikiburuzika. Wakati mwingine Mwanakuu aliimba kaswida kwa sauti ya chini, akikosea palepale alipokuwa akikosea utotoni, na Abdulghafur akimsahihisha moyoni. Alimpenda dadake. Tusizungushe maneno, alimpenda, na alikuwa hajui njia ya kurudi. Angerudi vipi mtu aliyemtaja Mungu mara tatu mbele ya msikiti mzima? Aliyemtaja Mwanakuu mbele yake alikatiwa salamu, basi watu wakazoea kutomtaja, wala hakuna aliyemwambia chochote juu ya dada huyo, cha kheri wala cha shari. Baada ya Elinino kandambili zikanyamaza. Akadhani amehama chumba. Sauti nyingine ziliendelea, akashukuru, hakuuliza.

Ndiyo maana hakulitengeneza lile wikio, wala hakutaka libomolewe. Kulitengeneza ni lazima afungue mlango, na mafundi wapite kwake na kwa dadake, na waulizwe wote wawili boriti hii iwekwe hapa au pale. Atamjibu nani, na kwa ulimi upi? Kulibomoa nako, kutabaki nini baina yao? Basi akashika katikati, na katikati ndiko kulikokuwa na mchwa.

Chirau alirudi tena, na tena. Mara ya mwisho alikuja na imamu wa msikiti, akidhani labda mzee ataona haya. Abdulghafur aliwapa kahawa na tende, akawasikiliza, akasema nyumba ni ya babake na babake hakuwahi kuomba ruhusa ya manispaa.

"Nani aliyenishtaki?" akauliza. "Nipe jina. Ni yule muuza vitambaa? Ni wale wapangaji wa pembeni?"

"Mzee, hilo siruhusiwi."

"Basi mwambie huyo asiye na jina, Mungu amlipe kadiri ya nia yake."

Chirau alimtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza. "Amin," akasema. "Jumatatu wanakuja mafundi kubomoa, mzee. Sina la kufanya tena. Nimelichelewesha mpaka mkubwa wangu ameniuliza kama nimelishwa halua."

Jumatatu wakaja kweli, na ngazi na nyundo na askari wawili wa manispaa. Kichochoro kikafungwa kwa kamba pande zote mbili. Abdulghafur alisimama mlangoni na bakora yake, akiwaambia atakayegusa jiwe la babake atamwona. Askari mmoja, kijana wa watu, akamwomba radhi, akamshika mkono kwa heshima, akamsogeza kama asogezavyo mtu kiti. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Hata hilo lilimwudhi, maana hasira ikikosa wa kuipokea humrudia mwenyewe. Nyundo ya kwanza ilipolia, hakuweza kusimama pale. Akapanda juu.

Alikaa nyuma ya mlango wake akisikia paa likishuka, kisha ubavu wa upande huu, kisha mbao za sakafu zikipiga chini. Vumbi likapita chini ya mlango likamjaa miguuni. Mwishowe kukawa kimya, mafundi wameteremka kunywa maji. Ndipo alipotoa ufunguo mfukoni. Kufuli lilikuwa na kutu, akalipiga kwa kisigino cha kiatu mpaka likaachia, akausukuma mlango.

Jua likamwingia usoni. Mbele yake palikuwa hewa tupu, na ng'ambo ya hewa ile mlango wa pili ulikuwa wazi, na ndani yake, juu ya kiti chenye mito, aliketi Mwanakuu.

Alikuwa amekonda uso na kuvimba miguu. Miguu yake ilikuwa juu ya kistuli, imenyooshwa, mikubwa, inang'aa kama maungo ya mtu mwingine. Nyuma yake alisimama Fadhiya, ambaye Abdulghafur alidhani bado yuko Malindi kwa mumewe. Walitazamana kaka na dada. Hapakuwa na zaidi ya mapana ya mkokoteni.

"Umezeeka, kaka," akasema Mwanakuu. "Na kofia imekukaa upande."

Mkono wa Abdulghafur ukaenda kwenye kofia wenyewe.

"Usimlaani Chirau," akaendelea, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Wala usimtafute aliyekushtaki. Ni miye. Fadhiya ndiye niliyemtuma manispaa. Nalisema, wakimshurutisha atalitengeneza, na likitengenezwa nitavuka. Ngazi siziwezi tena, kaka. Miguu ndiyo hii, na moyo nao, daktari asema, umechoka. Lakini kwa wikio ni hatua chache tu, na hatua chache naziweza. Nalitaka nije nikugongee mlango, unifukuze ukitaka." Akatazama pale palipokuwa na sakafu. "Sikudhani utaacha libomolewe."

Chini mafundi walikuwa wamenyanyua shingo, vikombe mikononi. Chirau alikuwa ametazama ukuta. Abdulghafur akafumbua kinywa. Maneno yalikuwepo tele, na juu yake ilikaa ile yamini, wallahi, billahi, watallahi, na majirani waliokusanyika nje ya kamba ni wale wale walioisikia, au wana wao. Akafumba kinywa. Akageuka, akaingia chumbani kwake, akalia mpaka ndevu zikalowa. Lakini dadake aliona mgongo tu.

Siku ile ile akakata shauri. Atakwenda kwa Mwanakuu. Atakanyaga kwake na atasema naye, na liwe liwalo. Ila atakwenda safi. Alikumbuka, kama alivyofundishwa chuoni angali mdogo, kwamba yamini ina kafara yake, mtu hufunga siku tatu ikamtoka. Basi atafunga kwanza, yamini imtoke, kisha aende, kama mtu anavyotawadha kwanza ndipo akaswali. Ilimwelea vizuri kabisa. Angemwuliza imamu, na msikiti ulikuwa hatua chache kutoka kwake. Lakini haya ilimshika. Yeye, mzee wa safu ya mbele, akaulize masuala ya watoto? Akakaa na elimu yake ya utotoni. Akatuma neno kwa mwoka mikate kwamba Ijumaa asubuhi ataka mkate wa sinia, wa nazi nzito, usiungue chini. Mwanakuu hakuupenda ulioungua.

Jumanne akaanza. Alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kweli, alitembea nyumbani akiimba kaswida puani. Alitandika msala karibu na ule mlango uliobaki wazi, akaketi na msahafu wake, apate kumwona dadake hata kama hasemi. Mwanakuu naye aliketi pale pale kwenye kiti chake. Mafundi walikuwa wamepigilia ubao mmoja chini ya kila mlango ili mtu asidondoke.

"Kaka," akaita asubuhi, "mbona kahawa yako haikuja leo?"

Kumbe naye alikuwa akisikiliza! Alijua saa ambayo muuza kahawa hugonga vikombe chini kwa Abdulghafur. Mzee akainamisha uso asicheke, akaendelea kusoma. Siku mbili zaidi, alimwambia moyoni, siku mbili tu nitakujibu yote. Magharibi akafuturu chini jikoni, asikoonekana.

Jumatano akamwita tena, sauti imepungua. "Kaka, huli? Sijaona hata sinia likipanda. Umekasirika?" Abdulghafur hakuinua macho, kwa kuwa akiyainua atasema, na akisema ameharibu kila kitu na kafara haijatimia. Akasoma Yasini, akairudia. Aliposikia Fadhiya akisema, "Mwache, mama, pumzika," akasoma kwa nguvu zaidi.

Alhamisi Mwanakuu hakuita. Pazia la gunia lilikuwa limeteremshwa ng'ambo. Amelala, mzee akawaza; na alale, kesho ataamshwa na harufu ya mkate. Alikwenda kuswali alasiri msikitini, akamaliza, akatoka na wenziwe, akakunja kona ya kichochoro. Hapo akasikia kilio cha wanawake kikitoka nyumba ya ng'ambo.

Alikimbia. Mzee yule, bakora imeanguka huko nyuma, alikimbia mpaka mlango wa Mwanakuu, na mlango ulikuwa wazi, na akafika kizingitini akasimama. Mguu mmoja ulikuwa juu. Akaurudisha.

Imamu akamfikia akihema. "Ingia, mzee. Huyo ni nduguyo wa tumbo moja, wangojani?"

"Bado magharibi," akasema Abdulghafur. Alikuwa akitazama juu, lile jua la alasiri lililokuwa bado juu ya mapaa. "Magharibi bado, haijatimia. Ndiyo ya tatu hii. Ikitimia ntaingia."

"Nini haijatimia?"

"Kafara. Ya yamini yangu. Nimefunga, imamu, nimefunga kwa ajili yake."

Watu wakatazamana. Imamu alikuwa mpole, na kama angekuwa na njia ya kutosema asingesema. Lakini mzee alikuwa amemshika mkono, amemkazia macho, ataka kuambiwa.

"Mzee wangu," akasema, "anayeapa kukata udugu, haijuzu kuitimiza yamini hiyo. Huivunja kwanza. Kafara hufuata nyuma. Na kafara yenyewe ni kulisha maskini kumi. Kufunga ni kwa asiye nacho, na weye Mungu amekupa."

"Kwa hiyo ningeingia?"

"Ungaliingia."

"Jumatatu?"

Imamu akainamisha macho. "Siku ile ile uliyoapa," akasema. "Jioni yake."

Abdulghafur akaachia ule mkono. Akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akasema bismillahi, akapanda ngazi zile alizokuwa hakuzipanda tangu Fadhiya msichana. Ngazi zilikuwa kali kweli. Alishika ukuta, akapumzika njiani mara mbili, na kila alipopumzika alielewa vizuri zaidi kwa nini mtu mwenye miguu iliyovimba angeshtaki mpaka manispaa ili asizipite.

Wanawake wakampisha. Mwanakuu alikuwa amelazwa kitandani, amefunikwa leso mpya, uso umefunuliwa, ameelekezwa kibla. Fadhiya alikuwa ameketi chini, akamwangalia mjomba wake bila chuki. Alikuwa amechoka tu.

"Alikuwa akiuliza, mjomba," akasema. "Juzi na jana na leo. 'Fadhiya, nchungulilie, kaka yuwala?' Nikimwambia hali. Asubuhi akaniambia niteremshe gunia. Akasema, 'Amenisusa, hata chakula akataa kwa kuniona mimi. Teremsha, apate kula.'"

"Nalikuwa nimefunga," akasema Abdulghafur. "Kwa ajili yake nalifunga. Kesho nalikuwa nije."

"Mbona hukumwambia?"

Hakuuliza kwa kumshutumu. Alitaka kujua. Palikuwa na mapana ya mkokoteni baina yao, siku tatu, na neno moja lingefika kwa sauti ya mtu mgonjwa. 

Abdulghafur akaketi kando ya kitanda. Akamtengeneza leso begani ilipokuwa imekunjana.

"Mwanakuu," akasema. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake kwa jina lile. "Ni miye. Nimekuja."

Akamwinamia sikioni.

"Sikukasirika. Nalikuwa nikikusikiliza kila alfajiri, nyuma ya mlango. Ile kaswida, Mwanakuu, beti la tatu hukosea. Tangu chuoni wakosea..."

Mlangoni waosha walikuwa wamefika na maji na karafuu maiti, wakagonga taratibu, maana jua lilikuwa likienda na maiti haingojeshwi. Fadhiya akainuka, akawafuata nje, akawaambia wakae kidogo, mzee bado yuwasema na dadake.